Mchwa Waliwatangulia Watoto

Mlango wa chumba cha kompyuta ulifunguliwa Alhamisi mchana, kwa sababu Ijumaa wathibiti ubora wa shule walikuwa wanakuja. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mkuu. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi mlinzi alimiminie mafuta ya taa kwanza, tukasubiri. Nilikuwa nimetimiza miezi saba katika shule ile, mwalimu wa kujitolea wa Sayansi na Teknolojia, na sikuwahi kuona ndani ya chumba kile. Nilijua tu kilichosemwa ofisini: mna kompyuta tano za mezani, za msaada, zinasubiri umeme.

Mlango ulipofunguka tulikuta mchwa. Walikuwa wamepanda kutoka sakafuni kwa vinjia vyao vya udongo, wakapita ukutani, wakashuka mezani. Maboksi walikuwa wameyala. Miguu ya meza moja walikuwa wameila hadi meza ikapiga goti. Kibodi moja iliyokuwa bado ndani ya boksi lake ilijaa udongo katikati ya vitufe, udongo laini uliokauka, kana kwamba fundi ameipiga lipu.

Mwalimu mkuu akaita darasa la tatu, darasa langu, waje na ndoo na fagio za chelewa. Kwa nusu saa nzima watoto walizoa udongo na kuumwaga nje. Kila aliyeinua mkono karibu na kompyuta alipigiwa kelele: usiguse! Binti mmoja akachuchumaa pembeni, akamnyanyua mchwa mmoja kwa kijiti cha ufagio, akamtazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona hawa wengine wana vichwa vikubwa?"

Nikamwambia afagie.

Naandika makala haya kwa ajili ya jibu lile. Miaka imepita na bado linanikera, kwa sababu siku ile, ndani ya chumba kimoja, kulikuwa na mada mbili nilizokuwa nimezifundisha muhula uleule: wanyama waishio kwenye udongo, na vifaa vya kuingizia taarifa kwenye kompyuta. Zote mbili zilikuwa hai mbele yetu. Mada moja ilikuwa imempanda mwenzake na kumjaza udongo. Na watoto zaidi ya 90 walitoka mle ndani bila kufundishwa hata moja, kwa sababu mwalimu wao alikuwa na haraka ya kupokea wageni.

Unayesoma haya pengine unajua jinsi mada hizo zinavyofundishwa, maana ndivyo ulivyofundishwa na wewe. Mwalimu anaingia, watoto wanasimama, shikamoo mwalimu, marahaba, kaeni. Anaandika kichwa cha habari ubaoni, anakipigia mstari. Chini yake anaandika orodha: nyungunyungu, jongoo, tandu, mchwa, siafu, fuko. Watoto wananakili. Anachora nyungunyungu, ambaye kwa chaki ni mkunjo mmoja tu unaoweza kuwa mto, kamba au nyoka. Wiki mbili baadaye anaandika orodha nyingine: kibodi, kipanya, skana, kinasa sauti. Anachora kipanya, ambacho kwa chaki ni yai lenye mkia. Watoto wananakili. Ukipita dawatini unakuta yai la mmoja limeota masikio na ndevu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba huyu si panya yule anayekula mahindi darini.

Ndivyo nilivyofundisha. Halafu nikatunga jaribio. Swali la nne: taja vifaa vitatu vya kuingizia taarifa kwenye kompyuta. Binti yuleyule wa kijiti akaandika: kibodi, kipanya, kidole.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikampa alama mbili na kosa moja.

Sikumuuliza alikitoa wapi kidole. Nilikuja kuambiwa na mwenzake wa dawatini kwamba mjomba wake alikuwa na simu ya kupangusa, na jioni alimruhusu kutafuta picha. Mtoto yule alikuwa ndiye pekee darasani aliyewahi kuingiza taarifa yoyote kwenye kompyuta yoyote, maana simu ile ni kompyuta, na aliiingiza kwa kidole. Jibu lake lilitoka kwenye ngozi yake. Angehitaji sentensi moja tu ya kumsaidia: kifaa ni kioo kinachohisi kidole, na kidole ndicho kinachokitumia. Badala ya sentensi nikampa kosa. Na neno dijitali lenyewe, tunalolitamba kwenye hotuba zote za maendeleo, linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidole.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu.

Tukiulizwa kwa nini watoto wa Kitanzania wanasoma kompyuta kwa chaki, tuna jibu tayari: umaskini. Hakuna umeme, hakuna vifaa, bajeti haitoshi. Jibu hilo lina ukweli na silipuuzi. Lakini lipime kwa nyungunyungu. Nyungunyungu anagharimu shilingi ngapi? Shule ile ilikuwa chini ya milima, kwenye udongo mweusi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nyungunyungu wametapakaa uwanjani hadi unapata kazi ya kuwakwepa. Wavulana wangu waliwachimba kila Jumamosi kuwa chambo cha kambale. Hakuna mfadhili aliyehitajika, wala ufunguo, wala umeme. Na bado nilimfundisha nyungunyungu kwa chaki, ndani, madirisha yakiwa wazi, hatua 20 kutoka alipo.

Kwa hiyo si umaskini. Umaskini unaeleza kwa nini hatuna kipanya. Hauelezi kwa nini hatuna nyungunyungu. Kinachoeleza yote mawili ni imani moja tuliyoirithi na kuilea: kwamba maarifa ni maneno yaliyoandikwa daftarini, na mkono wa mtoto una kazi mbili tu shuleni, kushika kalamu na kupokea adhabu.

Neno adhabu nimelikusudia. Tafakari mahali ambapo mtoto wa shule zetu anakutana na udongo. Mchelewaji anakutana nao: anapimiwa eneo la kulima kabla ya kuingia darasani. Aliyeandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele anakutana nao. Aliyesahau ufagio, aliyekuja bila kuni za uji, aliyefeli jaribio la Hisabati, wote wanapewa jembe. Nilisoma hivyo na mimi. Nilipoanza kufundisha, kwenye zamu yangu ya kwanza, niliwapimia watoto 11 eneo nyuma ya vyoo, bila kufikiri, kama mtu anayepiga mswaki. Mmoja wao alinyanyua nyungunyungu mkubwa mwenye mshipi na kuwaonyesha wenzake. Nilimwambia atupe hicho na afanye kazi.

Mtoto hahitaji kuelezwa. Miaka saba ya kupewa udongo kila anapokosea inamfunza kwamba udongo ni mahali pa wakosefu. Halafu tunashangaa mhitimu wa chuo cha kilimo anapotafuta kazi benki.

Na kejeli ya jambo hili ni kwamba tuliwahi kuonywa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na malalamiko yake makubwa yalikuwa hayahaya: shule inamtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kudharau kazi ya mikono. Alitaka shule ziwe na mashamba ambayo wanafunzi wenyewe watashiriki kuyapanga, watayapima, wataona faida na hasara ya maamuzi yao. Shamba lilikuwa liwe darasa. Nyumbani kwetu kila mtu wa rika la wazazi wangu anakumbuka lilivyokuwa: nguvu kazi. Mkono ukaalikwa, akili ikaachwa darasani. Jembe likabaki, swali likaondoka.

Sasa geuza sarafu uitazame kompyuta. Kama udongo ni wa wakosefu, kompyuta ni ya wageni. Inafungiwa. Inafunikwa kitambaa cha kudarizi. Inafunguliwa anapokuja mkaguzi au mfadhili. Mtoto anaiona mara moja kwa mwaka, na neno analolisikia mbele yake ni usiguse. Vifaa vya kuingizia ni sehemu pekee ya kompyuta iliyotengenezwa ili iguswe, hiyo ndiyo maana yake yote, na sisi tumeigeuza kuwa sanamu la kuheshimiwa kwa mbali.

Usidhani ni tatizo la shule zisizo na umeme peke yake. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza wa shule za msingi za umma, na vilivyosambazwa vilizidi milioni moja. Ni juhudi ambayo sisi hatujaifikia. Lakini magazeti ya huko yameripoti mara kwa mara juu ya vishikwambi vilivyofungiwa makabatini, kwa sababu ya hofu ya wizi, au kwa sababu mwalimu mwenyewe hakuzoezwa kuvitumia. Kwetu, baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Ni jambo jema. Lakini kifaa kinapofika kwenye shule inayoamini kwamba mkono hautakiwi, kifaa kinaingia kabatini kama vile nyungunyungu alivyobaki uwanjani. Tangu 2024 tuna mitaala mipya, yenye maneno mazuri kuhusu ujuzi na vitendo. Naiombea heri. Ila na ule niliofundishia mimi ulikuwa na maneno mazuri kuhusu umahiri, na nilikuwa naunukuu kila wiki kwenye andalio la somo, kisha naingia darasani na chaki.

Kuna kambi mbili zitakazonipinga, na kila moja inadhani nipo upande wa nyingine.

Ya kwanza inasema: waacheni watoto wa kijijini na udongo wao, kompyuta za nini? Mtoto wa mkulima atajifunza kipanya akifika chuo. Hawa hupenda kutoa methali, usiache mbachao kwa msala upitao. Nawajibu kwamba msala huu haupiti. Mkulima wa leo anapokea malipo ya mazao kwa simu, anaulizia bei kwa simu, na akibonyeza tarakimu isiyo yake fedha inaenda kwa mtu asiyemjua. Nimemwona bibi wa mtoto wa darasani kwangu akimpa mjukuu wa miaka minane kitochi chake amtolee salio, na namba ya siri akamtajia kwa sauti mbele yangu. Vile vitufe 12 ni kifaa cha kuingizia taarifa. Usalama wa kile kibindo cha bibi ni somo la kompyuta. Mtoto yule alihitaji somo hilo akiwa na miaka minane, si akiwa chuo kikuu.

Kambi ya pili ni yetu sisi, wewe na mimi, tuliosoma na kuhamia mjini. Tunasema dunia imebadilika, wafundisheni watoto kuandika programu, mambo ya jongoo na tandu ni ya zamani. Tunamnunulia mtoto kishikwambi kabla hajamaliza kuota meno, na akigusa udongo tunapiga yowe. Nawajibu kwamba mtoto huyo naye hajafundishwa kompyuta. Amefundishwa kutazama katuni. Muulize jinsi kioo kinavyojua kwamba amekigusa. Hajui, na hajawahi kuuliza, kwa sababu hatujamlea kuuliza kuhusu kitu kilicho chini ya kidole chake. Mtoto aliyewahi kumweka nyungunyungu kiganjani na kumwona akikwepa mwanga, ilhali hana macho, ana swali tayari. Akikutana na kioo kinachohisi, swali ni lilelile: kinajuaje?

Ndiyo maana sitaki tuchague. Watu waliotupa maarifa haya mawili hawakuchagua kati ya mkono na akili.

Charles Darwin, baada ya kuitikisa dunia kwa nadharia yake ya mageuko, alitumia miaka yake ya mwisho kwa nyungunyungu. Kitabu chake kuhusu hao viumbe kilitoka Oktoba 1881, miezi sita kabla ya kifo chake. Mzee wa miaka 72 aliwafuga kwenye vyungu vya udongo ndani ya nyumba. Aliwamulika kwa taa usiku. Mwanawe aliwapigia ala ya kupuliza, hawakushtuka. Walipigiwa kinanda, hawakushtuka. Lakini chungu kilipowekwa juu ya kinanda chenyewe na ufunguo mmoja ukabonyezwa, walirudi shimoni mbio. Akajua kwamba hawasikii, wanahisi mtikisiko. Alipima pia udongo wanaoutoa juu ya ardhi, akakadiria kwamba sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila ekari hupita matumboni mwao kila mwaka. Hakuna kifaa hata kimoja katika majaribio hayo ambacho shule ya kijijini ingekikosa, ukiweka ngoma mahali pa kinanda.

Na kipanya? Cha kwanza kilikuwa kipande cha mbao. Mwaka 1964, huko California, Bill English alikiunda kutokana na wazo la Douglas Engelbart: kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake na kitufe kimoja juu. Waya wake ulifanana na mkia, jina likapatikana. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya wataalamu mjini San Francisco. Fundi seremala yeyote wa Morogoro angeweza kuchonga kile kiboksi. Vya leo havina magurudumu; tumboni vina taa na kamera ndogo inayopiga picha ya meza zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na kwa kulinganisha picha hizo kinajua kimesogea wapi. Yaani kile kiyai nilichokichora kwa chaki kinaona. Sikuwaambia watoto, kwa sababu sikujua. Sikujua kwa sababu sikuwahi kukigeuza juu chini nikajiuliza ile taa nyekundu ni ya nini, na nilikuwa na shahada.

Nasikia pingamizi za walimu wenzangu, na hizo naziheshimu kuliko za kambi zote mbili, maana zinatoka kwa watu wenye chaki mkononi. Watoto ni wengi mno. Ukiwatoa nje utawapoteza. Udongo una hatari: tandu ana sumu, siafu hawana utani, kuna vipande vya chupa. Mtihani unataka majibu ya kuchagua herufi, hautaki mtoto aliyemshika jongoo.

Ni kweli watoto ni wengi. Muhula wangu wa mwisho niliwatoa nje hata hivyo, wale wote zaidi ya 90, kwa makundi ya kumi kumi, kila kundi na chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa shingo. Ilikuwa asubuhi baada ya mvua. Kelele ziliwafikia walimu wa darasa la saba na nikaitwa ofisini mchana wake. Wazazi wawili walilalamikia sare. Lakini katika kipindi kimoja cha dakika 40 watoto wale waligundua, wenyewe, kwamba jongoo ana miguu miwili kila upande kwenye pingili nyingi, na tandu ana mmoja tu. Kwamba jongoo hujikunja na tandu hukimbia. Hatukumshika tandu, tulimtazama chini ya jiwe na kulirudisha jiwe. Mvulana ambaye hakuwahi kujibu swali darasani alitufundisha sote jinsi ya kumvuta nyungunyungu bila kumkata: usimvute, sukuma udongo pembeni, atatoka mwenyewe. Kwenye chupa tuliweka tabaka la mchanga, tabaka la udongo mweusi, majani makavu juu, tukaweka nyungunyungu watatu na kuifunika kwa kitambaa cheusi. Baada ya wiki mbili tabaka hazikuonekana tena. Majani yalikuwa yamevutwa chini. Sikuhitaji kuandika ubaoni kwamba nyungunyungu hulima.

Na hatari za udongo ni somo, si sababu ya kulikimbia. Mabuu ya minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu ulio peku. Mtoto anayechanganya nyungunyungu na safura, akadhani minyoo yote ni uchafu au minyoo yote ni salama, ndiye aliye hatarini. Afundishwe kuvaa viatu, kunawa kwa sabuni, na kutofautisha.

Upande wa kompyuta nilikwenda kwa fundi mmoja mjini nikamwomba mizoga: kibodi mbovu tatu, vipanya vinne visivyofanya kazi. Alinipa bure, akacheka. Tulivifungua kwa bisibisi. Watoto walifunga macho na kutafuta herufi za majina yao kwa vidole kwenye kibodi iliyokufa. Waliuona mpira mdogo kwenye kipanya cha zamani na jicho kwenye kile kipya. Nilikuwa na simu yangu moja. Walipokezana kuigusa kwa kidole, kisha kwa ncha ya kalamu, kisha kwa kidole kilichofungwa kitambaa, na wakagundua wenyewe kwamba kioo hakijali nguvu, kinajali ngozi. Nikaeleza kwamba ngozi inapitisha umeme kidogo sana na kioo kinauhisi. Mmoja akauliza kama kitamhisi nyungunyungu. Sikumjibu. Tulikwenda kumchukua kwenye chupa, tukamlaza. Kioo kilitikisika, ukurasa ukasogea. Darasa lililipuka kwa shangwe ambayo sijaisikia tena tangu nilipoacha kufundisha.

Kuhusu mtihani sina la kuwafariji. Mtihani unaouliza majina utazaa watoto wanaojua majina. Wanaotunga mitihani waulizwe siku moja, hadharani, swali la kuchagua herufi linapimaje mkono. Lakini watoto wangu wale hawakusahau majina pia. Mtu hasahau jina la kiumbe aliyemtembelea kiganjani.

Binti wa kidole hakuwepo siku hizo. Alihamishiwa kwa shangazi yake Gairo baada ya mavuno, bila kuaga, kama watoto wa vijijini wanavyohamishwa. Kutoka kwangu, kwa mwaka mzima, aliondoka na mambo mawili: kosa jekundu kwenye swali la nne, na amri ya kufagia.

Jibu lake lilikuwepo. Wale wenye vichwa vikubwa ni askari. Vichwa ni vikubwa kwa sababu mna misuli ya kuendeshea taya zao za kung'atia. Taya hizo ni kubwa hadi askari hawezi kujilisha, analishwa na wafanyakazi. Wote wawili hawaoni. Vinjia vile vya udongo wanavijenga ili wasikauke na wasikamatwe na siafu na sisimizi. Kumbikumbi anaowaokota kwenye taa msimu wa mvua ni mchwa haohao, wenye mabawa, wanaokwenda kuanzisha himaya nyingine. Na mchwa si ndugu wa siafu, ingawa wanafanana. Ndugu yake wa karibu ni mende. Ningehitaji dakika tatu, na ufagio ungesubiri.

Kama wewe ni mwalimu, kuna mvua itakayonyesha wiki hii au ijayo, na kuna fundi simu mwenye boksi la mizoga. Acha kutoa udongo kama adhabu. Tafuta adhabu nyingine, au usitoe. Kama una ufunguo wa chumba, fungua kabla ya mgeni kuja. Kama unatunga mtihani, wewe tutazungumza siku nyingine.

Na kama wewe ni kama mimi sasa, mtu wa mjini mwenye mtoto au mpwa anayekuja wikendi, mwache achimbe karibu na bomba. Akikujia mbio na kitu kiganjani, kitazame kwanza. Muulize amekiona wapi na kinafanya nini. Sabuni ipo, atanawa baadaye.